Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Msafiri atokaye Arusha kwenda kuitazama kreta ya Ngorongoro hana budi apite Mto wa Mbu, apande ukuta wa Bonde la Ufa na auvuke mji wa Karatu kabla ya kulifikia lango la Lodoare. Wageni kwa maelfu hufuata njia hiyo kila mwaka. Hutazama wanyama, hupiga picha, kisha hurejea makwao. Lakini wapo wasafiri wachache ambao hawapiti tu. Nao ni wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao huenda huko na madaftari na vinasa sauti, wakitaka kujua wenyeji wanaishije na wanajitambuaje.

Tumchukue mmoja wa mfano. Ni kijana aliyezaliwa ughaibuni na wazazi Watanzania, naye anasomea shahada ya pili ya sanaa za maonyesho. Anataka kuandika tasnifu kuhusu watu wanaoishi mbali na asili yao, na njia aliyoichagua si ya kugawa karatasi za maswali. Anataka kukaa na wanakijiji, kutunga nao mchezo wa kuigiza unaotokana na mambo yao wenyewe, na kuuonyesha mbele yao ili waujadili. Je, tumpokeeje kijana huyu? Tumfungulie mlango, tumtilie shaka, au tumwache apige picha zake kama wengine na kwenda zake? Safu hii leo inapenda kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa ndani yake limo jambo kubwa kuliko shahada ya mtu mmoja.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza: Karatu na Ngorongoro zina nini na sisi watu wa bahari? Jawabu ni kwamba swali analolibeba kijana yule, yaani "mimi ni nani, na kwetu ni wapi", ni swali letu hasa. Hakuna mtaa katika visiwa hivi usiokuwa na jamaa Muscat, Dubai, London au Toronto. Mwezi Julai 2023 Serikali ya Kenya iliwakabidhi hati za uraia watu wa asili ya Pemba waliokuwa wakiishi na kuvua katika mwambao wake kwa vizazi kadhaa bila ya kutambuliwa. Nasi hapa nyumbani, ambapo sheria ya uraia haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, tumejadiliana kwa miaka mingi juu ya hadhi wanayostahili kupewa wenzetu wa nje, wale ambao siku hizi tumezoea kuwaita diaspora. Katika mijadala hiyo tumezungumza sana habari za fedha wanazotuma na hati wanazoshika. Habari ya nafsi zao tumeizungumza kidogo.

Sasa tuitazame Karatu, maana huko kijana wetu atajifunza jambo la kwanza, nalo ni kwamba ughaibuni si lazima kuvuka bahari. Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu. Lakini Wairaqw wenyewe husema kwamba kiini cha nchi yao ni Irqwa Da'aw, katika milima ya Mbulu, na ni katika karne ya 20 ndipo walipoenea kwa wingi kaskazini mpaka Karatu, Mbulumbulu na Oldeani. Wadatoga, majirani zao, husimulia kwamba wazee wao waliishi katika nyanda za Ngorongoro kabla ya Wamasai kuwasukuma kusini katika karne ya 19. Na huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wakulima wa vitunguu waliotoka mikoa mingi wanaishi bega kwa bega na Wahadzabe, watu wa uwindaji, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Katika eneo lisilo kubwa mtu aweza kusikia lugha za asili nne mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wote sokoni.

Wamasai nao, ambao wageni wengi hudhani hawajapata kuondoka mahali walipo tangu dunia kuumbwa, wana historia nzito ya kuhama. Mwaka 1958 utawala wa Kiingereza uliwatia saini wazee wao ili waondoke katika nyika za Serengeti, na mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Mwaka 1974, baada ya Uhuru, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi. Tangu Juni 2022 familia zilizoandikishwa kuhama zimekuwa zikipelekwa Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, ambako Serikali imewajengea nyumba na kuwagawia mashamba. Mtoto aliyezaliwa Msomera leo, ambaye bibi yake alizaliwa Ngorongoro na babu wa bibi yake Serengeti, atajibu nini akiulizwa kwao ni wapi?

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali hatukosi mfano wa kutusaidia kulifikiri jambo hili. Kalenda yetu ya Kiislamu haikuanza kuhesabiwa siku ya kuzaliwa Mtume, wala siku aliyoshushiwa Wahyi. Ilianza kuhesabiwa kutoka mwaka wa kuhama, yaani Hijra. Kuhama, basi, si lazima kuwe ndio mwisho wa watu. Kwaweza kuwa ndio mwanzo wa kujihesabu kwao. Lakini hilo huwezekana pale tu wahamaji wanapoisimulia safari yao wenyewe kwa vinywa vyao. Watu wanaosimuliwa na wengine huhama mara mbili: huondoka katika ardhi yao, kisha huondolewa katika habari yao.

Hapo ndipo mchezo wa kuigiza unapopata thamani. Na hapo hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa maonyesho ni ya aina mbili, nayo hayafanani hata kidogo.

Aina ya kwanza ni ile inayouzwa. Kando ya Ziwa Eyasi mgeni hupelekwa alfajiri kuwatazama Wahadzabe wakiwinda kwa upinde, kisha huongozwa kwa Wadatoga kuwatazama wahunzi wakifua chuma. Kwenye maboma ya Ngorongoro huimbiwa na kurukiwa, akanunua ushanga, akaondoka. Hatuwalaumu wananchi wanaojipatia riziki kwa njia hiyo. Riziki ni halali, na mgeni ni baraka. Lakini tuseme wazi kwamba mtu anayelipwa ili afanane na picha aliyokuja nayo mgeni haelezi nafsi yake. Anaeleza nafsi ya mgeni. Kijana wetu wa ughaibuni yumo katika hatari hiyo hiyo, tena pengine zaidi kuliko Mzungu, kwa sababu yeye huja na picha ya nyumbani aliyoichora moyoni kwa masimulizi ya wazazi, na asipojihadhari atawaigizisha wanakijiji picha hiyo, kisha aondoke akiamini kwamba amejiona.

Aina ya pili ni ile ambayo wenyewe huimiliki. Nayo si jambo geni. Wairaqw wanayo slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee mmoja huisema kwa niaba ya wote, na waliohudhuria humwitikia. Katika slufay hakuna mtazamaji: kila aliyepo ni mwitikiaji, na bila ya mwitikio mzee hana neno. Mwanafunzi anayetaka kujifunza sanaa ya maonyesho ya jamii huko Karatu akianzia hapo, atakuwa amekwisha kupata nusu ya tasnifu yake.

Wala kijana huyo hatakuwa wa kwanza kwenda masomoni na kurudi na swali kama hili. Farouk Topan, aliyezaliwa Zanzibar, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha London alipofanya utafiti juu ya nyimbo za pepo kwa waganga na wateja wao huko Mombasa, akamaliza tasnifu yake mwaka 1972. Na katika miaka hiyo hiyo akatuandikia tamthilia za Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo. Ebrahim Hussein, mwana wa Pwani, alikwisha kuandika Kinjeketile alipokwenda Berlin Mashariki kuandika tasnifu juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Penina Muhando hakwenda mbali: tasnifu yake ya mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichunguza jinsi sanaa za maonyesho za Wakaguru, ambao ni watu wake mwenyewe, zilivyokuwa chuo cha kuwafunza vijana.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na kijana wetu ni wa jirani, Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki dunia Mei 2025. Mwaka 1964 alikwenda Leeds, Uingereza, kwa masomo ya juu, na somo alilolichagua lilikuwa maandishi ya watu wa visiwa vya Karibi, hasa George Lamming wa Barbados: yaani watu weusi waliotupwa mbali na asili yao na ambao walikuwa wakijiuliza kwao ni wapi. Shahada ile hakuimaliza. Jawabu alilipata miaka kumi na zaidi baadaye, na hakulipata Uingereza wala Karibi, bali katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, karibu na alikozaliwa.

Mwaka 1976 Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii waliingia katika kazi ya kituo cha wanakijiji, wakaandika mchezo kwa Kikuyu kuhusu ardhi na kibarua, na wanakijiji wakausahihisha. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliwakosoa wasomi wale lugha yao, desturi zao na hata habari ya mishahara. Wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la kukaa watu wapatao 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Katikati ya Novemba wakuu wa wilaya walifuta kibali chake. Na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngugi akatiwa kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Mwezi Machi 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Wenye mamlaka walidhani wamekomesha maneno. Ukweli ni kwamba walikomesha mahali pa kuyasikilizia maneno, na hilo ni jambo jingine kabisa. Serikali inayobomoa jukwaa haipunguzi manung'uniko ya watu, inajinyima masikio.

Hapa kwetu Tanzania tulishika njia iliyo bora zaidi, ingawa hatukuifuata mpaka mwisho. Mnamo mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando tuliyemtaja, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba. Hawakubeba mchezo mfukoni. Walianza kwa kukaa na vijana na wazee na kuwauliza ni jambo gani linalowasumbua. Miongoni mwa yaliyotajwa ni wasichana kupata mimba na vijana kukosa kazi ya kufanya. Ngoma za kijiji zikatumika kuyaonyesha mambo hayo uwanjani, na kila baada ya maonyesho kukawa na majadiliano, ambamo wakubwa wa kijiji nao walilazimika kusikia yasiyowapendeza. Wasanii walikuwa wanakijiji. Wasomi walikuwa wasaidizi.

Tunasema hatukuifuata njia hiyo mpaka mwisho kwa sababu kuna desturi nyingine tuliyoizoea zaidi, na sisi tulio katika Chama hatuna budi kuikiri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, ngoma na vichekesho vilitumika kwa wingi kuieleza siasa ya nchi. Jambo lenyewe halikuwa baya. Taifa change lilihitaji kuzungumza na watu wake kwa sanaa wanazozijua. Lakini taratibu mazungumzo yakageuka kuwa matangazo. Kikundi kiliitwa siku ya mgeni rasmi, kikaimba sifa, kikapewa soda, kikarudi nyumbani. Baadaye mashirika ya misaada yakairithi desturi hiyo hiyo kwa sura nyingine: ujumbe unatoka kwa mfadhili ukiwa umekamilika, na wasanii wa kijiji kazi yao ni kuukariri. Katika hali zote mbili mwananchi amepewa kinywa bila ya kupewa neno.

Basi tuipime Ngorongoro kwa mizani hiyo. Hoja za Serikali juu ya hifadhi ile zinajulikana: eneo la kilomita za mraba 8,292 lililokuwa na watu wapatao 8,000 mwaka 1959 limefikia kuwa na zaidi ya 100,000 kwa hesabu za Serikali, pamoja na mifugo yao, na urithi ule ni wa dunia nzima. Malalamiko ya wananchi nayo yanajulikana: huduma, ardhi, na namna walivyoshirikishwa. Mwezi Agosti 2024 maelfu walitoka barabarani kuyasema. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wao Arusha na kutangaza kuundwa kwa tume mbili, moja ya kuchunguza malalamiko ya ardhi, nyingine ya kutazama utekelezaji wa zoezi la kuhama kwa hiari. Ilikuwa hatua ya busara, kwa maana kusikiliza ni sehemu ya kutawala.

Hata hivyo, tume husikiliza kwa namna yake. Mbele ya tume husema mwenye cheo, mwenye umri na mwenye ufasaha. Bibi aliyeacha kaburi la mwanawe nyuma hana kifungu cha kulieleza. Kijana aliyefurahi kupata shamba lake mwenyewe Msomera, lakini akaona haya kuifurahia mbele ya wazee wake, naye hatasimama kusema. Watu wa namna hiyo husema katika wimbo, katika mzaha, katika kumwigiza jirani. Siku ile ya kupakia vyombo katika gari ikiigizwa mara mbili, mara moja na waliobaki Ngorongoro na mara moja na waliofika Msomera, ofisa aliyekaa nyuma akatazama atajifunza katika saa moja mambo ambayo hayamo katika taarifa yoyote iliyowekwa mezani pake. Na kijana wetu wa ughaibuni ataona, bila ya kuambiwa, kwamba uchungu aliodhani ni wake peke yake na wa wazazi wake una ndugu wengi hapa nchini.

Tunawasikia wanaosema kwamba michezo ya namna hiyo yaweza kuchochea. Tunawajibu kwamba maneno yasiyosemwa uwanjani husemwa gizani, na ya gizani ndiyo yenye sumu. Ofisa aliyetenda haki hana cha kuogopa katika kichekesho. Na aliyekosea ni afadhali achekwe mapema kuliko achukiwe baadaye.

Kwa hiyo tunapenda kutoa mapendekezo machache kwa wanaohusika. Kwanza, mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti, Bara na Visiwani, zisiridhike na nakala ya tasnifu kuletwa ofisini. Kibali cha utafiti wa sanaa ya jamii kiwe na sharti kwamba mchezo uliotungwa utaachwa kijijini, kwa lugha ya wenyewe na kwa Kiswahili, na kwamba wenyewe ndio watakaoamua uonyeshwe wapi na ubadilishwe nini. Pili, Maofisa Utamaduni wa Wilaya watumike kwa kazi hiyo, si kwa kupanga ngoma za mapokezi tu. Tatu, viongozi wanapoalikwa katika maonyesho ya aina hii wakae kama watazamaji, na wawe wa mwisho kusema. Nne, mwanafunzi mwenyewe, awe ametoka Dar es Salaam au Toronto, akubali kusahihishwa. Kama mchezo wake wa mwisho unafanana na ule aliokuja nao kichwani, ajue kwamba amewatumia watu na hakujifunza kwao.

Nasi wa visiwani tusijidhani kuwa ni wa kutoa ushauri tu. Tunayo Makunduchi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, katika Mwaka Kogwa, watu wa kule hupigana kwa makuti ya migomba, kibanda kikatiwa moto, na ugomvi wa mwaka mzima ukaishia hapo uwanjani. Walio mbali hurudi kwa siku hiyo. Anayerudi haulizwi ametuma kiasi gani wala anashika hati ya nchi gani. Hushika gombo lake na kuingia uwanjani, na kwa kuingia huko anakuwa wa hapo. Wageni huja kutazama, lakini mchezo haukutungwa kwa ajili yao, na wasipokuja utachezwa vile vile. Hiyo ndiyo sanaa ya jamii, na hiyo ndiyo sera ya ughaibuni ambayo wazee wetu waliitunga bila ya semina.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida twaichukua methali hiyo kuwa ni habari ya tuzo: kwamba mtu apate zawadi kwa watu wake. Lakini inatueleza pia namna ya kupatambua kwao. Kwao mtu ni pale ambapo akikosea hatua wapo wanaojua kuwa amekosea, na akipatia wapo wanaojua kwa nini. Mtalii hawezi kumtunza mchezaji kwa namna hiyo; humlipa tu. Kijana wa ughaibuni aendaye Karatu au Ngorongoro, Makunduchi au Micheweni, apewe uwanja, akosolewe, na afundishwe wimbo mpaka auitikie sawasawa. Na mwananchi wa Ngorongoro, popote atakapokuwa ameweka boma lake, asinyimwe uwanja wa kuicheza habari yake mbele ya wale wenye madaraka juu yake. Hilo likifanyika, tasnifu itaandikwa na shahada itapatikana. Lakini faida kubwa zaidi itakuwa yetu sisi tuliokaa kimya tukasikiliza.